Kasi ya Saa Tatu

Waya wa simu wa marehemu baba ulikuwa mwembamba,
wa shaba, umekula chumvi nyingi,
lakini ulikuwa wangu peke yangu.
Picha moja ya kofia ya vito ilipanda hadi Jidda
huku natwanga iliki, nachuja kahawa, nainywa.
Haukunikimbiza. Haukunitupa.

Kebo ni pana. Alfajiri inaruka.
Baada ya isha ni bomba moja, ndoo arubaini:
uso wa Twalha, mwanangu, unaganda kiooni
mdomo wazi, "mama" imebaki "ma".

Kwa kukwama huko nimejifunza kuwasoma majirani:
mpira umeanza kwa kina Badi,
wajukuu wa Mwana Esha hawajalazwa,
Shekuwe na filamu zake za Kituruki.

Jana, saa tatu usiku, Mkomani,
Twalha alinijia safi,
hata kovu la kidevuni nikaliona.
Kasi namna hiyo!
Nikamkatiza: "Ngoja, mwanangu."
Nikajitanda buibui, nikatoka uchochoroni
kuuliza ni nani aliyefariki.