Meza ya Dirishani

Barua ya utumishi inasema Jumatatu.
Leo Ijumaa, saa kumi, wenzangu wameshatoka,
baiskeli zao zimeshashika njia ya Mabawa na Makorora,
nami nimebaki na ndoo, fulana kuukuu ya kufutia,
na jina moja: Ndugu R. Shekiondo.

R gani? Rashidi? Radhia? Riziki?
Riziki huitwa wa kike, huitwa na wa kiume,
na riziki yenyewe, tunaambiwa, haigombewi.
Mimi nilitaka tu kujua
kiti nikipandishe au nikishushe.

Nilianza na vumbi.
Vumbi la masjala si kama la barabarani:
ukilipangusa halikimbii,
linahamia upande wa pili na kukungoja.
Chumvi ya hewa ya Tanga imeligandisha.
Hapa hata majalada hulowa bila kunyeshewa,
yamevimba kama maandazi,
na printa huyatafuna makaratasi
ikayatema kama mtoto aliyeshiba.

Nimeyafunga upya kwa kamba ya katani.
Viwanja vya Chumbageni kushoto, vya Pongwe kulia,
vya Ngamiani, kule barabara zilikopewa namba badala ya majina,
katikati, mkono ufike upesi,
maana huko ndiko ugomvi uliko:
ndugu watatu, nyumba moja ya urithi,
sahihi nne.

Droo ya kwanza: pini zenye kutu,
kidau cha wino mkavu,
ganda la chungwa gumu kama soli.
Droo ya pili haifunguki mpaka uipige goti.
Hilo nitamwambia. Au atagundua mwenyewe
kama nilivyogundua mimi,
miaka miwili na miezi minne nikiwa kaimu,
neno lenye kila heshima
ila mshahara.

Nikaipiga goti.
Ndani, chini ya kalenda ya mwaka juzi,
barua yangu ya maombi.
Muhuri wa samawati: IMEPOKELEWA.
Mkono uliougonga naujua,
ndio huu wenye fulana.
Nilijipokea mwenyewe,
kisha nikajiweka ndani nikisubiri kuulizwa,
kwa sababu mpokea barua
ataisukumaje ya kwake mbele ya za watu?
Hakuna aliyeuliza.

Viti viko viwili.
Kimoja mguu wake unaitafuta sakafu.
Kingine cha kuzunguka,
mto wake umeshalijua umbo langu.
Cha kuzunguka nikakivuta mpaka mlangoni,
kwenye meza yangu mpya, jirani na birika la umeme.
Kibovu nikakiacha dirishani.
Nikazima taa. Nikafunga.
Nikafungua kufuli la baiskeli, nikasimama.

Wallahi sikurudi kwa wema.
Nilirudi kwa sababu nilisahau kopo la chakula.
Ila nilipokuwa ndani
miguu ikanipeleka, nikavibadilisha.
Kile kibovu nimekijaribu:
kinatulia ukijua kuegemea kushoto.

Kadi ya jina nimeiandika kwa kalamu ya bosi,
R. SHEKIONDO, MTUNZA KUMBUKUMBU,
na baada ya R nimeacha nafasi
aje aijaze.
Muhuri nimeutia wino mpya,
nimeusogeza tarehe hadi Jumatatu.
Nikaujaribu kwenye karatasi iliyokuwa karibu.
IMEPOKELEWA,
chini ya ile IMEPOKELEWA ya zamani,
mbivu kuliko ile.

Trei ya barua zinazoingia ilikuwa tupu.
Si vizuri mtu aanze kazi na trei tupu.
Nimeiweka humo, maandishi juu,
na juu yake chungwa la Muheza,
zima, tamu, nililokuwa nimejiwekea,
feni isije ikaipeperusha.