Wameandika Kwetu

Karatasi imetoka mashineni ina joto bado,
kama mkate wa alfajiri.
Naipokea mimi, maana mimi ni mhasibu,
na kwetu kila chenye namba huletewa mimi:
bili ya maji, bei ya viazi,
leo damu ya mama.

Mama kaketi chini ya feni, kofia yake ngumu mapajani,
sketi zake tano zimejaza viti viwili.
Ana siku tatu hapa Santa Cruz.
Anasema hewa ya huku haivutwi, inatafunwa.

Nasoma kutoka chini kwenda juu, ndiyo desturi yangu:
kwanza jumla, kisha deni.
Chembe sahani, laki mbili na elfu thelathini.
Ndizo zilizokimbilia kidole chake Jumapili
kisu kilipoteleza kwenye kitunguu,
zikashikana mikono mpaka tone likakoma.
Chembe nyeupe, elfu tano na mia nne,
koo tano, kila moja na asilimia yake;
ukoo mmoja mdogo hupanda
mtu akiwa na minyoo, au chafya za vumbi.
Haujapanda. Walinzi wako zamu,
hakuna aliyepuliza filimbi.

Kisha himoglobini:
kumi na saba nukta moja.
Na pembeni, kwa wino mzito, neno:
ALTO.

Kwa Kihispania, juu. Imezidi.
Kawaida, inasema karatasi, inaishia kumi na sita.

Dokta Landívar, kijana, viatu vipya,
anauliza: Anavuta sigara? Anakoroma?
Anataja ugonjwa wa uboho wenye jina refu,
anataja sindano nene na nusu lita ya kupunguza.
Namfasiria mama kwa Kiaymara,
nusu nasema, nusu nameza.

Mama ananyoosha mkono. Lete.
Kusoma alijifunza na miaka hamsini,
kwa kufuatisha vibao vya mabasi.
Kidole kinashuka, kinaruka namba zote
kama mtu arukaye madimbwi,
kinatua kwenye neno.
"Wameandika kwetu," anasema.

El Alto.
Mji wake, mita elfu nne na ushei
juu ya bahari asiyowahi kuiona.
Kule hewa ni haba: kila mchukuzi mwekundu
huondoka mapafuni na kapu nusu,
basi uboho huajiri wachukuzi zaidi,
mwaka hadi mwaka, bila kugoma,
ili kuni ipasuliwe, ili ngazi ipandwe,
ili mimi nizaliwe.

Miaka kumi na tisa nakagua vitabu vya watu,
leo nimesoma hesabu
bila kuuliza ni za duka gani.

Wilma Tarqui wa maabara, mzaliwa wa Oruro,
anachungulia dirishani, anaitazama kofia.
"Ametoka juu?"
Anachukua kalamu, anaandika chini ya muhuri:
mkazi wa milimani, rudia baada ya wiki kumi.
Dokta anavua miwani, anaifuta,
na haina kitu.

Wiki kumi.
Kumi na nne nukta mbili.
Chembe nyekundu huishi kama miezi minne tu;
nyingi za kule zimekwisha kufia huku,
hazikuwekewa matanga,
na uboho, kwa kuona mizigo imejaa tele,
haukuajiri wengi badala yake.

Mama anatafuta neno. Pembeni ni peupe.
"Limekwenda wapi?"
Namwambia, mama, sasa uko sawa na watu wote.
Hanijibu. Anavaa kofia humo humo ndani.

Usiku nasikia zipu ya sanduku.
Asubuhi karatasi ya pili iko mezani,
ina duara la kikombe cha chai.
Ya kwanza kaikunja mara nne,
kaichomeka kwenye utepe wa kofia,
pamoja na tiketi ya basi.