Dawa Anazotumia

Kwenye fomu palikuwa na mstari mmoja tu:
dawa anazotumia sasa, kisha nukta, nukta, nukta.
Nesi alishika kalamu akanitazama.
Nikasema, hakuna.

Nami sikusema uongo.
Dawa ni kile kidonge cha rangi mbili
chenye karatasi iliyokunjwa mara nane ndani ya boksi,
kinakutisha kwa maandishi madogo.
Chupa ya Kule zamani ilikuwa ya soda,
kizibo cha bluu, haikumtisha mtu.

Kila gulio pale Mpondwe tulimsikia,
spika kaifunga kwa mpira nyuma ya boda,
sauti imekwaruzwa na vumbi la malori ya Kongo:

    Mgongo kama wauma, kiuno kama chawaka,
    tumbo likikunguruma, usiku ukiamka,
    kunywa hii ya mlima, wiki mbili umecheka.
    Asili haina sumu, mti hauna makosa!

Na Thembo mgongo ulimuuma kweli,
miaka kumi na tisa ya kupandisha matofali ya watu.
Zahanati ilikuwa na foleni na panado.
Kule alikuwa na muda.
Aliwauliza hali wanetu kwa majina yao.
Hilo nalo liandikwe mahali.

Wiki mbili, kweli, akacheka.
Kisha kikombe kikawa viwili,
mwezi ukawa miaka miwili,
na mimi ndiye niliyemimina,
nikakoroga kwa kijiko cha sukari.

Bibi yangu Kabugho naye alichemsha majani,
sitamsingizia.
Lakini alitaka kwanza autazame ulimi wako.
Alipima kwa kiganja, cha mtoto kwa mtoto,
na siku ya tatu kilichobaki alikimwaga nyuma ya choo.
“Uchungu ukishazoea mdomo,” alisema,
“unakwenda kutafuta ini.”
Sufuria yake tuliirithi.
Kipimo tulikizika naye.

Yalianza macho.
Nilidhani ni taa ya sola, ile njano.
Kisha ubavu wa kulia ukavimba, mkanda ukagoma kufunga,
kisha basi la usiku hadi Kampala,
Thembo dirishani, bahasha ya picha mapajani.

Daktari Akello hakugomba.
Aliinua picha kwenye mwanga, akaonyesha kivuli,
akauliza mstari uleule.
Hakuna, nikasema mara ya pili.
“Hata ya miti?”

Ulimi ukanikauka.
Shubiri, nikasema. Mwarobaini, nadhani.
Gome fulani jekundu. Udongo kidogo.
Na unga ambao Kule aliuita siri ya babu.
Akaandika shubiri.
Akaandika mwarobaini, akatia alama ya kuuliza.
Siri hakujua inavyoandikwa.

Huenda ni chupa, alisema. Huenda ni virusi vya siku nyingi,
huenda ni karanga zilizoota ukungu,
huenda vyote vimeshikana mikono.
Nilimtaka aseme moja, nipate wa kumchukia.

Kurudi, kiti cha dirishani sikukitaka.

Baada ya matanga nilishuka Mpondwe,
hasira nimeifunga kwenye pindo la leso.
Kule alikuwa ameketi juu ya kreti, spika kimya.
Nikafungua mdomo. Akainua uso.

Macho yake yalikuwa njano.

“Mimi huionja kila nichemshapo,” alisema kabla sijauliza,
“nisije nikawapa watu kitu kibaya.”

Niliomba kalamu kwa muuza chumvi.
Nyuma ya risiti nikaandika jina la daktari,
jengo, ghorofa, siku anazoona wagonjwa.
Nikafikiri. Chini yake nikaongeza:
wakikuuliza unatumia dawa gani,
taja.
Hata ile siri, Kule. Itaje.