Mkono wa Mama Ulifunguka Saa Tatu

Mkono wa mama ulifunguka saa tatu,
kama duka.
Kabla ya hapo ulikuwa ngumi
aliyoikanda ndani ya beseni la maji moto,
kidole kimoja, kingine, kile cha pete mwisho,
nasi watoto tukijifunga vifungo wenyewe
tusije tukamwomba.

Saa nne alikuwa Kariokor, anasuka.
Wiki moja kiondo kilikazika, wiki iliyofuata kililegea.
Wateja waliuliza mbona mstari umekwenda upande.
"Ni baridi," akasema. "Si ni Julai?"
Na jina lenyewe la ugonjwa likamuunga mkono:
baridi yabisi.
Nani angebishana na jina?
Lakini Desemba ilipokuja na jua lake
vidole vilikuwa vimeshakata kona
na havikurudi.

Mimi ni fundi saa.
Kibanda changu kiko River Road, chini ya ngazi,
na jicho langu la kushoto limezoea kioo cha kukuzia.
Ninachokijua nimekijulia hapo:
saa haisimami ghafla.
Hupoteza sekunde moja, mbili, kwa siku,
mwenyewe akalaumu foleni, akamlaumu bosi, akamlaumu mkewe,
hadi akrabu inapogoma
ndipo huniletea maiti
aniambie, "Jana ilikuwa nzima."

Haikuwa nzima.

Kwa hiyo walipowaita watoto wa wagonjwa,
sisi ambao bado hatuumwi popote,
nilipanda Kilimani.
Kijana wa maabara, Wafubwa, aliugonga mshipa wangu
kwa kidole, kama anayebisha hodi kwa jirani.
Vichupa vitatu.
Hatutafuti uvimbe, alieleza.
Uvimbe ni kelele, kila mtu huusikia.
Tunasikiliza jeni: zipi zimeamka usiku usio wao,
zipi zinawanong'oneza askari wa mwili
vunjeni mlango huu, ni wa adui,
na mlango ni wa nyumba yao wenyewe.

Wiki sita.
Daktari Cheruto aligeuza karatasi inielekee.
Mistari, vinukta vyekundu, kama orodha ya deni
iliyoandikwa na mtu ambaye hajaanza kukudai.
"Si hukumu," akasema. "Wapo wenye damu kama hii
watakaozeeka wakisuka.
Na kipimo chenyewe bado tunakipima."
Nikamuuliza: ningekuwa saa, ungemwambia nini mwenyewe?
Alicheka, kisha hakucheka.
"Asingoje isimame. Ailete kila miezi mitatu."

Nilirudi mjini kwa miguu.
Sikujua niyaweke wapi maumivu ambayo hayajaja.
Si siri, maana hayajatokea. Si uongo, maana yameandikwa.
Wahenga walituachia ufa na ukuta,
hawakusema tufanyeje na ufa ulio ndani ya udongo
kabla tofali halijafyatuliwa.

Jioni, nikimkanda mama, nilimwambia.
Alinyamaza. Akaishika mikono yangu, akaigeuza,
kama anayekagua kiondo cha mwenzake sokoni.
"Mimi hakuna aliyeniambia," akasema,
nisijue kama ni wivu au ni shukrani.
Kisha: "Mbithe naye aende."
Mdogo wangu. Ambaye nikianza tu kusema hukata simu.

Leo ni Julai tena. Nairobi imejifunika ukungu hadi shingoni.
Nimeamka saa kumi na mbili na nusu
na kabla ya kugusa chochote nimefunga mkono,
nimefungua.
Kibandani kuna saa ya mteja inayochelewa dakika nne.
Skrubu yake ni ndogo kuliko punje ya wimbi.
Nimeishika. Imeponyoka.
Sijui kama ni kidole au ni woga.
Nimeishika tena.