Alikuja Bure

Simu iliandika USAFIRI BURE
kwa herufi nyekundu zinazowakawaka
kama taa ya gari la wagonjwa.
Nikabonyeza.
Mkasi wa fundi, inchi kumi, mpini mweusi,
elfu thelathini na moja na mia tano.

Kule Makoroboi mkasi huohuo
unaning'inia msumarini kwa elfu ishirini na sita.
Nilijua. Nataka mjue kwamba nilijua.
Lakini kushuka mjini ni nauli, kupanda ni magoti,
na sketi za shule zilikuwa zimenirundikia meza,
basi nikaipiga hesabu
kama mteja anayepimwa kiuno huku amebana tumbo.

Mkasi ukatoka Dar usiku, ukalala kwenye buti la basi,
ukashuka Nyegezi na mbegu za mtu na godoro la mtu.
Kutoka hapo akaubeba Luhende.

Kwetu Bugarika anwani ni masimulizi.
Acha pikipiki kwa muuza mkaa.
Panda ngazi za mawe, usizihesabu.
Penye jiwe lililopakwa chokaa geuka kushoto,
pita uchochoro wa mama Ng'washi;
mbwa wake hang'ati, anapenda tu kusindikiza.
Ukiliona ziwa lote, umenipita.

Jumanne alipanda.
Nilikuwa Bugando, nimempeleka mama kutazamwa jicho.
Alhamisi alipanda.
Nilikuwa ng'ambo, Kamanga, msibani,
simu imezimika kama marehemu.
Jioni Holo, binti yangu, akanipokea mlangoni:
"Mama, yule wa mzigo alikuja bure."

Neno likanikaa kooni
kama mwiba wa sato.

Jumamosi alipanda tena.
Pumzi zilifika kabla yake.
Koti limechanika kwapani, kijasho kinamchuruzika,
akaketi juu ya ndoo bila kukaribishwa
na mimi sikuona kosa.
Nikamuuliza wanamlipaje.
"Elfu moja na mia tano, ukishasaini.
Usiposaini, nimefanya mazoezi."
Na mafuta?
Akalitazama ziwa
kana kwamba ndilo lililoulizwa.

Nikamwambia ile elfu tano na mia tano niliyozidishiwa.
Tukaigawa pale kizingitini, mimi na yeye,
kama warithi wasiojuana.
Yake ikaonekana. Nyingine haikuonekana.
"Zile elfu nne," akasema,
"labda zilishuka Singida kuchimba dawa,
basi likaziacha."
Tukacheka mpaka Holo akatoka ndani kutuangalia.

"Vua hilo koti," nikamwambia.
Nikalipitisha kwenye cherehani, mishono miwili, kwenda na kurudi,
nikakata uzi kwa mkasi mpya:
krap.
Sauti safi. Siwezi kuusingizia mkasi.

"Kiasi gani, mama?"

Mdomo ulikwisha kufunguka.
Nililiona lile neno linakuja,
limevaa nyekundu, linatabasamu.
Nikalimeza, mwiba na yote.
"Mia tano," nikasema.

Akaitoa sarafu, ina joto la mfuko,
akaiweka juu ya cherehani taratibu,
na kwa mara ya kwanza siku ile
akanyoosha mgongo.
Kisha akashuka, na mbwa nyuma yake.

Boksi sikulitupa. Ni gumu,
nimelichonga kielelezo cha kola.
Neno BURE limebaki katikati, zima,
sikulikwepa wala sikulilenga.
Kila shati la shule linalokuja
nalizungushia chaki.

Kola moja mia nane.
Chaki yenyewe nainunua.