Soma Kutoka Kulia

Aliposema anachora manga
nilidhani pilipili,
au kule ng'ambo ambako kila familia hapa mtaani
hudai babu wa babu yao ndiko alikotoka.
Hoza akacheka hadi akaiegemea mashine.
"Hadithi za picha, dada Mwanamkuu. Za Kijapani.
Unaanzia nyuma. Unasoma kutoka kulia, kama chuoni."

Basi nikasoma kutoka kulia,
Ngamiani, Barabara ya Nane,
duka la fotokopi, shilingi mia ukurasa,
feni ikizunguka kama mtu anayedaiwa.

Ukurasa wa kwanza, jibaba la koti jeusi
linachoma mji, na mji nikaujua:
mnara wa saa, mishale yake imekunjwa na moto,
maghala ya mkonge yanashika kama nywele.
Jina lake Jivu.
"Huyu kazaliwa na pepo," nikasema.
Hoza akalamba kidole, akafunua.
"Kazaliwa Makorora. Subiri."

Jivu, miaka saba, yuko uvunguni,
sufuria kalivaa kichwani.
Baba hana uso: miguu tu, na ncha ya mkanda.
Kipigo chenyewe Hoza hakukichora.
Kachora ndala moja mlangoni,
imelala kifudifudi,
na ukurasa mzima uliobaki kauacha mweupe.

Kisha anaingia Bwana Shani na mkate wa bofulo.
Huyu hakumpiga mtoto hata siku moja.
Hapo ndipo penseli iliponitisha.
Anamfunga vifungo vya shati, taratibu, hadi shingoni.
Anamwambia, kwenu wamekusahau.
Anamwambia, mimi tu ndiye nikujuaye.
Picha inayofuata ni droo, na ndani yake
barua tatu kwa mwandiko wa mama.
Halafu mdomo peke yake, mkubwa, unatabasamu:
"Bila mimi ungekuwa wapi?"

Mashine ikanguruma.
Ukurasa ule ukatoka mara tatu, nami nimesimama tu,
kidole kimeganda kitufeni.

Maana jana, saa ya kufunga, wino ulipomwagika,
nilimwambia Kidawa maneno hayo hayo,
kwa sauti hiyo hiyo ya upole.
Nimekutoa Handeni huna hata kandambili.
Simu yake iko kwenye droo yangu,
isimpotezee muda, nilisema.
Mama yake hupiga. Droo hutetemeka. Mimi huongeza redio.

Sikuyabuni mimi. Nilisukwa nayo Pangani,
kati ya magoti ya shangazi,
kila msuko na neno lake:
fadhila ya punda, mwanangu, fadhila ya punda,
na kichwa kikivutwa nyuma
hadi macho yanakuwa membamba.

"Kwa hiyo unamtetea," nikamwambia Hoza, kwa ukali
ambao hakuustahili.
"Simtetei. Waliokufa wamekufa.
Nimewachora mmoja mmoja. Muuza kahawa ana jina, tazama.
Nataka tu watu waone
kiberiti kilipita mikono mingapi."

"Na Bwana Shani, nani alimfundisha?"

Akanyamaza. Akanionyesha kisanduku kitupu,
mistari minne ya rula.
"Nimeanza kumchora akiwa mtoto, nikafuta.
Nikimchora, itabidi nimchore na aliyemfunga vifungo yeye.
Hadithi haitaisha. Na karatasi ni ghali."

Kurasa ishirini na mbili, na zile mbili nilizoharibu.
Akanipa elfu mbili na mia mbili,
sarafu kwa sarafu, akapanda baiskeli.

Kidawa akarudi na chenji ya maandazi.
Nikafungua droo. Nikamnyooshea simu yake,
haina chaji, kioo kina vumbi la karatasi.
Hakuipokea.
Aliitazama, akanitazama,
akarudi nyuma hatua moja, mgongo ukagusa kabati:

"Nimekosa nini, dada?"