Kidole cha Skolastika

Jumatano, soko la Mwandiga. Madumu ya mawese
yamepangwa mbele ya shangazi kama wanafunzi waliochelewa.
Anafungua kifuniko, anachovya kidole,
analamba, anafumba jicho moja.
"Kalya. Waliyachemsha kwa kuni mbichi."
Dumu la pili: "Simbo. Chikichi zililala siku nyingi mno,
onja yanavyokwaruza koo."
La tatu halionji. Analinusa tu, anacheka:
"Ilagala," maana Ilagala ndiko kwao.

Skolastika Ntibahezwa hakumaliza darasa la pili,
ila shamba la marehemu baba yake analisoma
mstari kwa mstari.
Mchikichi wa kwanza, ule wa karibu na choo,
ulivuka ziwa ukiwa kokwa mfukoni mwa babu,
aliyeikimbia kodi ya ng'ambo, au mke,
inategemea nani anasimulia.
Wa pili ulipandwa na kunguru.
Wa tatu hadi wa arobaini
ulipandwa kwa amri ya Mzungu fulani;
jina lake limesahaulika,
kiboko chake bado.

Ndipo akaja Gervas, bwana shamba kijana,
na miche ndani ya vifuko vyeusi.
Akapasua chikichi mbili juu ya kinu.
Ya kwetu: kokwa ngumu kama moyo wa mdai,
nyama yake nyembamba, ngozi ya ngoma.
Ya kwake: nyama tele, kokwa kama punje ya hindi.
"Mafuta mara mbili, mama."
Shangazi akaipima kwa meno.
Kwenye hesabu hakuna ubishi.
Akaazima shoka kwa jirani.

Thelathini na tisa ilianguka kabla ya mvua za vuli.
Wa choo akauacha. Nilipomuuliza kwa nini
alisema sabuni inataka mise ya kokwa nene,
kisha akasema ni kivuli,
kisha akanituma maji.

Miaka minne. Mwandiga tena, Jumatano.
Nimemletea dumu bila kumwambia la nani.
Anachovya. Analamba. Anafumba jicho,
halafu na la pili.
Anachovya tena.
"Matamu," anasema. "Mazito, safi, hayana kosa.
Lakini haya ni ya wapi?"

Nikamwambia.

Akakitazama kidole chake, chekundu hadi kiungo cha pili,
akakifuta polepole kwenye pindo la kitenge,
akauliza bei.